Baba Asijue Mpaka Jibu Lije

Ipuli, Tabora, Jumapili baada ya ibada

Raheli binti yangu,

Nakuandikia nikiwa karakanani, mlango nimeurudisha, karatasi nimeilaza juu ya ubao ambao ungekuwa mlango wa nyumba ya mtu kama mikono yangu isingeuharibu Jumatano. Ninyi mko jikoni. Nawasikia mama yako na shangazi zako wakikaanga karanga za safari na kukufundisha namna ya kukaa melini, namna ya kufunga chandarua, nani wa kumsalimia na nani wa kumpita. Hayo nawaachia wao, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga meli. Mimi nina jambo jingine, na tangu Jumatano mdomo wangu haujaliweza. Unisamehe mwandiko, nimezoea penseli ya kuchorea mbao.

Nimeshtuka, Raheli. Leo ni siku ya tano na bado nimeshtuka. Nachukua msumeno nasahau nilitaka kukata nini. Jana mama yako aliniwekea ugali, nikakaa nao mpaka ukapoa, akauondoa bila kuniuliza.

Unajua yaliyotokea, ulikuwepo. Lakini hujui yalivyoonekana kutoka upande wangu, na kesho garimoshi la Mwanza litakuchukua, kwa hiyo nitayaeleza.

Ulikuja mchana, kanga begani, bahasha ya kahawia mkononi. Nilikuwa napiga randa.

"Baba, jibu limekuja."

"Jibu la nini?"

"La chuo, baba. Uganda. Wamenichukua. Barua imezunguka njiani, natakiwa niwe nimefika wiki ijayo."

Nilicheka. Nilikushika mabega kwa mikono yenye vumbi la mbao, nikamwita mama yako kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia. Binti wa seremala anakwenda chuo! Na katika kufurahi huko nikauliza swali ambalo baba yeyote angeuliza. Fomu uliijaza lini?

"Mwaka jana, kabla ya mvua."

"Na mahali pa mzazi, nani aliweka sahihi?"

Ukatazama chini, penye maranda.

"Mjomba Zakaria," ukasema.

"Mjomba? Kwani mimi nilikuwa nimekufa?"

"Hapana, baba. Nilikumbuka fomu ya kaka."

Hukusema kwa ukali. Ungesema kwa ukali ningejua la kufanya, ningekukaripia. Ulisema kama mtu anayeeleza kwa nini amezunguka njia ya mbali, kwamba ile ya karibu ina shimo. Kisha ukaingia ndani. Mimi nikarudi kwenye randa, nikaendelea kupiga, nikapiga, nikapiga, na nilipokuja kutazama ubao ulikuwa mwembamba kama sahani. Miaka ishirini na mitano ya ufundi, sijawahi kuharibu ubao wa mninga namna ile.

Jioni mama yako akanionyesha kopo lako la biskuti. Usimlaumu, nilimlazimisha. Alilifungua mwenyewe, akaniwekea magotini, akabaki amesimama mlangoni. Humo nikakuta nakala ya kila kitu. Cheti cha ubatizo, ambacho hukukichukua kwenye kasha langu bali ulikwenda kwa Mchungaji akakuandikia kingine. Hati ya daktari. Barua ya mtemi. Barua ya mwalimu mkuu wako. Kipande cha bahasha chenye muhuri wa posta kuonyesha siku uliyotuma. Na juu ya vyote, karatasi ya daftari uliyoipiga mistari kwa rula, kila jambo na mwezi wake. Mwezi wa nane, kuuliza shuleni habari za fomu. Mwezi wa tisa, Mchungaji. Mwezi wa kumi, daktari na picha. Pembeni umeandika: "Mvua ikianza reli hukatika. Kila kitu kiwe kimeondoka kabla." Nikasema moyoni, huyu mtoto ana akili ya msimamizi. Kisha nikafika mstari wa mwisho.

"Baba: asijue mpaka jibu lije."

Nilikisoma kistari kile mara ngapi sijui. Nilikuwa nimeorodheshwa, Raheli. Kati ya mvua na reli, na mimi nimo.

Tangu hapo mambo yakawa yananijia moja moja, kama mtu anayerushiwa mawe kutoka gizani. Mchungaji alijua. Mwaka mzima tunasalimiana, nimemtengenezea benchi la barazani kwake, anakaa juu yake, anajua. Karani wa mtemi alijua. Yule mpiga picha Mhindi karibu na soko alijua. Unakumbuka nilipokuja nyumbani nikakuambia, "Leo nimeona picha dirishani kwa Mhindi, msichana anafanana na wewe kama pacha"? Ukanijibu, "Watu hufanana, baba," ukaendelea kuchambua mchicha. Nami nikakubali! Nilikwenda tena siku ya pili kumtazama huyo msichana, nikamsifu kwa yule Mhindi, naye akanikazia macho.

Halafu sanduku. Siku tano za kujiandaa zingemtoa mwingine jasho la damu, lakini wewe sanduku lako lilikuwa limekwisha kupangwa nyumbani kwa shangazi yako tangu mwezi wa pili. Alhamisi likaletwa. Sanduku la mbao, zuri kwa mbali. Nikaliinamia nikaona pembe zake zimepigwa misumari tu, hazikuunganishwa. Binti yangu anakwenda ng'ambo ya ziwa na sanduku lililotengenezwa na fundi mwingine. Nilikaa chini pale pale uani. Mama yako alidhani naumwa.

Hasira zikaja baada ya hapo, nisikufiche. Sikuwa na ujasiri wa kukukasirikia wewe, nikazielekeza kwa shemeji yangu Zakaria. Ijumaa nikapanda garimoshi mpaka Tura, nikamkuta mjomba wako mbele ya shule yake ya udongo akisahihisha madaftari. Sikumaliza hata salamu.

"Zakaria, umenivua ubaba."

Akanivutia kigoda. "Kaa kwanza, shemeji."

"Sikai. Mtoto wangu anaolewa kwa sahihi ya mtu mwingine?"

"Haolewi, anakwenda kusoma. Kaa."

Nikakaa. Akanieleza kwamba ulikuja likizo ya mwezi wa tisa, peke yako, fomu ndani ya kitambaa cha mezani ili isikunjike. Alikataa. Alikuambia sahihi hiyo ni ya baba yako, naye baba yako yu hai na ana nguvu zake. Sasa sikia alichoniambia ulimjibu. Sijui kama alikuwa na haki ya kuniambia, lakini aliniambia.

"Alisema, 'Mjomba, ukikataa nitaandika kuwa mimi ni yatima.' Nikamkemea. Nikamwambia, Raheli, hilo ni neno la laana. Akasema, 'Basi niambie wewe, mjomba. Kwa jambo hili ninaye baba?' Shemeji, nikachukua kalamu yangu ya kusahihishia madaftari. Nikaweka sahihi."

Nikasema lile ambalo nimelisema miaka minne kwa kila aliyeuliza. Kwamba fomu ya kaka yako Yohana iliharibiwa na mvua. Kwamba reli ya Mwanza ilikatika, barua zikakaa njiani, ikafika muda umepita. Dunia nzima inajua reli ilikatika mwaka ule.

Zakaria akafunga daftari alilokuwa nalo. "Unadhani Yohana hajui?"

"Hajui nini?"

"Ulimwambia mtemi amesafiri, kwa hiyo barua yake haijapatikana. Wiki ile ile Yohana alimwona mtemi sokoni Tabora, anachagua viatu. Alimwamkia. Mtemi akamuuliza, 'Baba yako hajambo? Mwambie namsalimu.' Ndugu yake alikuwa naye, amemshika mkono. Raheli."

Basi ulikuwepo. Una miaka kumi na minne, umesimama sokoni mkono mmoja mkononi mwa kaka yako, na mkamwona baba yenu ni mwongo, mkarudi nyumbani mkala naye. Hakuna aliyesema. Miaka minne! Yohana akaondoka kwenda kwenye mashamba ya katani, anapima majani kwenye mizani ya watu, na barua zake zote zinakuja kwa jina la mama yako. Nilidhani ni ukaidi wa ujana. Nilikuwa naomba akue.

Nililala Tura. Mahali pale ndipo wapagazi wa zamani walipotua mizigo wakitoka pwani, na jina lenyewe la Kinyamwezi linasema hivyo, tua. Babu yako alipita hapo na pembe ya ndovu begani. Mnamjua kama kikongwe aliyekuwa akisinzia jua la asubuhi, mimi nilimjua akisimulia. Alikuwa akisema kijana aliyetaka kwenda pwani hakungoja msafara uitwe. Mahindi yakiwa bado shambani yeye alishachonga mti wake wa kubebea, ameukausha juu ya moshi, mkewe ameanza kutwanga unga wa njiani. Msafara ukiitwa, waliokuwa tayari walichagua mizigo iliyokaa vizuri. Waliochelewa waliachiwa ile yenye kona, ikawachubua mpaka pwani. Usiku ule nikaona kwamba wewe, ambaye hukumjua sana, ndiye mjukuu wake. Mimi mwanawe nilirithi hadithi tu.

Sasa nikuambie lile ambalo wewe na kaka yako hamkulijua, kwa kuwa mlijua tu ule uongo wangu kuhusu mtemi.

Yohana aliponiletea fomu yake nilitia sahihi siku ile ile. Haikuchukua muda hata wa kumaliza chai. Barua ya mtemi niliipata kesho yake, mtemi hakunizungusha. Vyote viwili vilikuwa kwenye mtoto wa meza hii ninayoandikia, chini ya sandipepa, wiki tano. Kila asubuhi niliufungua kutafuta penseli, nikaviona. Yohana aliuliza mara tatu. Mara ya kwanza nikamwambia, "Tutaangalia." Mara ya pili, "Mtemi amesafiri." Mara ya tatu akasimama pale penye msumeno mkubwa, akasema, "Baba, muda unakwisha," nami nikamwambia, "Chuo hakikimbii." Nilipoona mawingu ya masika yamekaa kaskazini, ndipo nikaipeleka posta. Unaelewa? Niliyaona mawingu kwanza.

Kwa nini? Nimejiuliza njia yote ya kurudi kutoka Tura, nikitazama miombo dirishani. Ningependa kukuambia ni hofu ya mzazi, kwamba baba mkubwa wangu alikwenda pwani na mizigo asirudi, na bibi yetu akawa anapika chakula cha mtu mmoja zaidi mpaka anakufa. Hilo lipo, si uongo. Lakini halitoshi. Ukweli ni kwamba Yohana alikuwa ameanza kuunganisha mbao vizuri kuliko mimi. Akiwa likizo nilikuwa naacha kazi ngumu kusudi aje azifanye. Nilikwisha kuona kibao juu ya mlango, jina langu na lake. Nilitaka asiondoke, lakini sikutaka kuwa mtu aliyemkataza. Nilitaka mvua imkataze. Laiti ningesema "sitaki," angenipinga, tungegombana, mama yako angeingia kati, na pengine angekwenda. Kuchelewesha kulikuwa ni kukataza bila kuonekana. Si usahaulifu, mwanangu. Watu wengi watakuambia wamesahau. Tazama kama wanasahau kila kitu, au kimoja tu.

Sijawahi kuchelewesha jeneza. Hata kitanda cha bwana harusi sijakichelewesha. Kijana mmoja tu nilimchelewesha, wa damu yangu.

Sitakuambia uanze mambo yako mapema, ningekuwa kama chura anayemfundisha samaki kuogelea. Ila nimelifikiria kopo lako kwa siku tano, nikaona jambo ambalo pengine wewe hulioni kwa kuwa uko karibu nalo. Karatasi ile imepangwa na mtu anayejua kwamba wakubwa hawategemeki. Ulikuwa sawa, na mimi ndiye niliyekufundisha. Lakini huko uendako utakutana na watu wengine, walimu, rafiki, siku moja mume, na wengine watakuwa wazito kama mimi, na wengine watatimiza neno lao siku waliyosema. Nakuomba usiwaandike wote kwenye mstari nilioandikwa mimi. Piga mistari yako kwa rula, tuma kabla ya mvua, weka nakala. Kisha mara moja moja mpe mtu jambo dogo alishike, uone. Mimi ungenipa stempu tu nikanunue. Pengine ningeipoteza. Sijui. Nimeumia kwamba hatutajua.

Jumamosi asubuhi, kabla ya garimoshi la kurudi, niliomba karatasi kwa Zakaria nikamwandikia kaka yako. Barua ya kwanza tangu aondoke. Nilimwambia habari za mtoto wa meza, wiki tano, na mawingu. Nilimwambia pia kwamba niliuona mkono wake ni bora kuliko wangu na sikuwahi kumwambia. Zakaria akasema ngoja tuisome pamoja, labda ukali upungue. Nikakataa. Nikaipeleka stesheni mwenyewe, nikaiona inaingia kwenye mfuko wa posta, na nikasimama mpaka behewa likaondoka, maana nilijijua. Hatujui atajibu nini. Akikuandikia wewe kwanza, usinifiche kama amenilaani.

Nimebakiza la leo.

Sikumwambia Mchungaji atangaze. Aliposema, "Fundi Elia, simama, kanisa limwone mzazi aliyemlea binti wa kwanza kutoka kwetu kwenda chuo," nilitaka benchi linimeze. Watu wakapiga vigelegele. Mzee wa kanisa aliyekuwa kando yangu akanisukuma, "Simama, bwana, siku yako hii." Nikasimama. Nikakuona umeinamisha kichwa juu ya kitabu cha nyimbo, umekishika kwa mikono miwili, na nikajua unangoja kuona kama nitaipokea sifa ile kimya, kama nilivyoiachia mvua lawama miaka minne.

Nilisema, "Si kazi yangu. Alifanya mwenyewe, kwa mwaka mzima, na mimi nilifichwa kwa sababu nilistahili kufichwa. Wa kwanza wangu alitaka kwenda, nikamzuia, nikasingizia mvua."

Hivyo tu. Mchungaji alibaki mkono hewani. Sikuthubutu kumtazama mama yako. Kisha yeye, ambaye kwa miaka yote hukaa upande wa wanawake, akainuka, akapita katikati mbele ya watu wote, akaja kukaa kando yangu, na kwaya ikaimba wimbo usiopangwa kwa kuwa mwalimu wao alikuwa amechanganyikiwa.

Nje, watu walinipita kwa mbali kama nina ndui. Nilisimama penye ukuta nikigeuza kofia yangu. Ukaja. Tulikuwa tumeamka nyumba moja, tumekunywa uji wa sufuria moja, tumekuja kwa njia moja, na tangu Jumatano hukuniamkia hata mara moja, nami sikukudai. Ukasimama mbele yangu, ukapiga goti kidogo kama ulivyokuwa ukifanya ulipokuwa mdogo, ukasema, "Shikamoo, baba."

Nilifungua mdomo hapakutoka kitu. Ukangoja, ukangoja, kisha ukaenda kwa wenzako, na sijui ulichukua ukimya wangu kuwa nini. Ulikuwa ni mshtuko, Raheli, si kingine. Sikutazamia kuisikia tena kutoka kwako.

Basi naiitikia hapa, kwa maandishi, ili usiondoke Tabora bila nayo.

Marahaba, mwanangu. Marahaba.

Baba yako,
Elia